Mlima Upo Hata Ukifunikwa na Ukungu



Tarehe 6 Agosti Kanisa huadhimisha Sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana wetu Yesu Kristo. Siku hiyo huangukia katika majira ya baridi, ambapo huku kwetu Usambara ukungu hushuka jioni na kukaa mpaka saa tatu, pengine hata saa nne za asubuhi, na mtu akisimama mlangoni pa kanisa hawezi kuiona miti iliyo ng'ambo ya bonde. Basi mwaka huu tumeona vema kuitafakari sikukuu hiyo kwa njia ambayo huenda wengine wataistaajabia: kazi ya kupiga picha za milima yenye ukungu kwa lenzi za zamani, zile za kuzungushwa kwa mkono.

Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vijana wawili watatu wa kwaya yetu wameipenda kazi hiyo. Hutafuta lenzi kuukuu za mtumba, kama vile Helios zilizotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti, au Takumar za Japani, nao huzifunga kwenye kamera za kisasa kwa pete ya kuunganishia. Wazee wameuliza: kwa nini kijana aliye na kamera mpya atafute lenzi yenye umri wa babu yake? Nasi tuliojifunza kupiga picha zama za filamu, wakati picha 36 zilikuwa akiba ya kutunzwa miezi mingi, tumefuatana nao mara kadhaa katika njia ya kupandia Amani, tukaona ya kuwa kazi yao ni shule ya roho.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mama mmoja wa mtaa wetu alimzika mumewe, na kabla ya mwaka kwisha akamzika mwanawe. Tulikwenda kumpa pole pamoja na Umoja wa Akina Mama. Alitukaribisha, akatuandalia chai, kisha akasema, "Mwalimu, sina ugomvi na Mungu. Ila nikisali, naona kama nasema na ukungu. Zamani nilikuwa namwona. Sasa simwoni. Je, yupo?" Alikuwa ameacha kuja Misa kwa miezi mitano. Ametupa ruhusa tuliandike swali lake, jina lake tusilitaje. Siku ile hatukumjibu neno. Tulikaa naye mpaka jua likatua. Lakini swali lake si lake peke yake, wala halistahili kuachwa bila kutafakariwa.

MLIMA HAUKUONDOKA

Tuanze na somo dogo la jiografia. Ukungu wa milimani ni nini? Ni hewa yenye unyevu itokayo katika Bahari ya Hindi. Ikifika kwenye milima yetu haina njia ila kupanda, na kadiri inavyopanda hupoa, kiasi cha nyuzi 6 hivi za sentigredi kwa kila mita 1,000. Ikipoa haiwezi tena kuuchukua unyevu wake wote, ndipo unyevu huo ugeukapo kuwa matone madogo sana, yasiyoweza kuanguka upesi, yakaelea. Hilo ndilo pazia tulionalo. Basi tazameni: mlima wenyewe ndio unaousababisha ukungu unaouficha. Penye tambarare hewa ile ile hupita bila kufanya wingu. Ukungu ule ni dalili ya kwamba hapo pana kitu kirefu.

Jambo hili liliwashinda hata watu mashuhuri. Katika mpaka wa Uganda na Kongo iko milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kikuu, Margherita, kina urefu wa mita 5,109, nayo ina barafu juu yake ingawa iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Wenyeji wa huko, Wakonzo na wenzao, waliijua tangu zamani. Lakini Mwingereza Samuel Baker alifika Ziwa Albert mwaka 1864, asirudi na habari ya mlima wa theluji. Henry Stanley naye alifika ziwa hilo hilo Desemba 1887, asiuone. Hata tarehe 24 Mei 1888 mtoto aliyefuatana naye akamwonyesha mlima, akasema kwamba umefunikwa kwa chumvi. Haikuwa chumvi, ilikuwa theluji. Mlima mkubwa namna ile ulikuwa umesimama pale siku zote, wakubwa wasiutambue, na mtoto ndiye aliyeuonyesha.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1906, mpiga picha wa Italia aitwaye Vittorio Sella aliipanda milima hiyo pamoja na msafara wa Mtawala wa Abruzzi. Sella alikuwa mtoto wa mtu aliyeandika kitabu cha mafunzo ya kupiga picha mwaka 1856, wakati ufundi huo ulipokuwa bado mchanga. Fikirini shida yake: kamera nzito za wakati ule, vyombo vya kubebwa na wapagazi katika matope, mvua karibu kila siku, na mawingu yanayofunguka kwa dakika chache na kufunga tena. Hakuwa na namna ya kuyaamuru mawingu. Kazi yake ilikuwa kusimamisha kamera mahali panapofaa, kuilenga sawasawa, na kungoja. Picha alizozipata zimekuwa ushahidi mkubwa hata leo, kwa maana mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea kiasi cha kilomita za mraba 6.5, na kufikia mwaka 2003 haikutimia hata kilomita moja ya mraba. Kama yule mtu asingengoja katika ukungu, tungejuaje tulichopoteza?

Sasa tufungue Kitabu cha Kutoka, sura ya 24. Musa alipoitwa kupanda Sinai, wingu lilifunika mlima muda wa siku sita, na sauti ya Mungu ikamwita siku ya saba. Siku sita! Biblia haisemi kwamba Musa alifanya kosa lolote siku hizo, wala kwamba Mungu alikuwa amesafiri. Wingu lile ndilo lililokuwa alama ya kuwa Bwana yupo. Hali kadhalika katika Injili ya Luka sura ya 9, Petro, Yakobo na Yohana walipoingia katika wingu waliogopa, na sauti ya Baba ikawajia kutoka ndani ya wingu lile lile lililowaogofya. Walipokuwa katika mwangaza, Petro alikuwa akisema habari za kujenga vibanda, asijue asemalo. Walipoingia katika wingu, walinyamaza, wakasikia.

Kwa hiyo, ndugu, kutokuona si ushahidi wa kutokuwapo. Tena huenda ukungu umekuwa mzito kwa sababu umekaribia mlima.

UKUNGU HUO HUO HUTUNYWESHA

Wako watakaosema, "Sawa, Mungu yupo, lakini ukungu wenyewe una faida gani?" Hapa hatutaki kusema maneno mepesi mbele ya mtu aliyefiwa. Hatusemi kwamba msiba ni jambo jema. Kifo ni adui, na Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Twasema tu lile tulionalo kwa macho yetu.

Mtu akiingia msitu wa Amani asubuhi ya ukungu, atasikia matone yakidondoka ingawa mvua hainyeshi. Majani, kuvu na ndevu za miti huunasa ukungu, na maji hushuka polepole mpaka mizizini, kisha kwenye vijito, kisha kwenye mto Zigi. Maji ya Zigi hukusanywa katika bwawa la Mabayani, nayo ndiyo yanywewayo na watu wa jiji la Tanga. Mtu aliye Ngamiani akifungua bomba saa sita mchana, jua likiwaka, anakunywa maji ya milima hii, na hajui kwamba huku juu kulikuwa na asubuhi ambayo mtu hakuweza kuiona mikono yake.

Tumewajua Wakristo wa namna hiyo. Wamepita miaka ya giza, nao hawakujua kwamba kuna mtu chini bondeni anayekunywa kwao: mjukuu anayewaona wakipiga magoti, jirani anayewasikia wakiimba kwa sauti iliyokatika, mwanafunzi anayekumbuka uaminifu wa mwalimu wake. Huenda mtu mwenyewe asiyaone matunda hayo kamwe. Walakini maji yanafika.

KULENGA KWA MKONO

Sasa tufike kwenye lenzi yenyewe. Kamera za siku hizi zina lenzi zinazojilenga zenyewe. Ni kitu kizuri, hatukikatai. Arusini au mpirani hufaa sana. Lakini lenzi ya namna hiyo hutafuta mahali penye tofauti ya weusi na weupe, kama vile ukingo wa nyumba au mstari wa shati. Katika ukungu hakuna ukingo. Basi huenda mbele, hurudi nyuma, huenda tena, ikinguruma kama mdudu aliyefungiwa chupani, na mara nyingine hukataa kupiga picha kabisa. Haijui pa kusimama kwa sababu haioni pa kushika.

Lenzi ya zamani haina shida hiyo. Juu yake imechorwa umbali kwa tarakimu: mita 1, mita 2, mita 5, mita 10; na mwisho iko alama kama tarakimu 8 iliyolala ubavu. Alama hiyo ndiyo umbali usio na mwisho. Mpiga picha ajuaye kwamba mlima uko mbele yake huizungusha pete mpaka kwenye alama ile, basi. Hata kama wakati huo haoni kitu ila weupe mtupu. Hazungushi kwa kubahatisha. Anaitegemea alama. Pazia litakapopasuka kwa nukta chache, lenzi yake imekwisha kulengwa. Mwenzake bado anahangaika na mashine.

Na alama ile iliwekwa na nani? Iliwekwa na fundi kiwandani, aliyeipima lenzi kwa vyombo vyake. Mpiga picha aliye katika ukungu anatumia kipimo cha mtu aliyeona vizuri.

Ndugu wapendwa, hiyo ndiyo kazi ya Maandiko na Kanuni ya Imani. Mtume Petro, katika Waraka wake wa Pili sura ya kwanza, aliwakumbusha wasomaji wake kwamba yeye na wenzake hawakufuata hadithi zilizobuniwa. Walikuwa pamoja na Bwana juu ya mlima mtakatifu, wakauona utukufu wake kwa macho. Wao waliona siku angavu, wakatia alama. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 hawakutunga mlima mpya. Walilinda alama ile isifutike. Nasi kila Jumapili tunaposimama kuikiri Imani, twaizungusha pete mpaka mahali pake.

Wengine husema, "Siwezi kuitamka Imani wakati moyo wangu hausikii kitu, nitakuwa mnafiki." La hasha! Mnafiki ni yule anayejifanya anaona. Anayekiri katika ukungu hajifanyi kuona. Anashuhudia kwamba waliona wengine, naye anaamini ushuhuda wao, anajielekeza huko, anangoja. Na siku mtu anaposhindwa kabisa kufungua kinywa, wenzake walio pembeni yake katika benchi wanaitamka kwa niaba yake. Ndiyo maana hatukupewa Imani ya kukariri chumbani peke yetu tu, bali ya kukiri pamoja kanisani.

KIPIMO CHA MWANGA HUDANGANYIKA

Liko jambo jingine ambalo vijana wetu wamejifunza kwa kuharibu picha nyingi. Kamera huwa na kipimo cha mwanga ndani yake. Kipimo hicho kimefundishwa kwamba kila kitu duniani, kwa wastani, ni cha rangi ya kijivu. Kikielekezwa kwenye ukungu mweupe, hudhani kwamba mwanga umezidi, kikashauri upunguzwe. Ukikitii, ukungu uliokuwa mweupe kama pamba hutoka katika picha ukiwa wa kijivu kama jivu la jikoni, na asubuhi yote huonekana kama jioni ya msiba.

Lenzi ya zamani ina pete ya pili yenye tarakimu 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Basi mpiga picha mwenye maarifa husoma kipimo, kisha huongeza mwanga hatua moja au zaidi kidogo, kwa kuwa anajua udhaifu wa kipimo chake. Hapo weupe hurudi kuwa weupe.

Mioyo yetu nayo ina kipimo. Tukiwa katika huzuni, kila tunachokipima hutoka cheusi kuliko kilivyo. Jirani asipotusalimu, twasema ametuchukia. Padre akichelewa kuja, twasema Kanisa limetutupa. Twakumbuka miaka 40 ya ndoa, tukaona siku ya mwisho hospitalini tu. Mwenye huzuni asilaumiwe kwa hilo. Kipimo chake ndivyo kilivyo kwa sasa. Lakini ni vema ajue, na sisi tulio karibu naye tujue, kwamba usomaji huo wahitaji kuongezwa mwanga. Mkiwa na mfiwa, mkumbusheni mema ya marehemu, si kwa hotuba, bali kwa kutaja jambo moja dogo la kweli. Hiyo ni hatua moja ya mwanga.

UKUNGU WA NJE NA UKUNGU WA NDANI

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima yake. Pazia la milimani twaliita ukungu. Na ule weupe unaoota juu ya mkate uliolala, juu ya kiatu cha ngozi kilichosahauliwa sanduku la chini, nao twauita ukungu. Neno ni moja, lakini mambo ni mawili, na anayeyachanganya atapata hasara.

Lenzi za zamani zina adui mkubwa, nao ni ukungu huo wa pili. Lenzi ikifungwa katika mfuko wake, ikawekwa kabatini penye giza na unyevu, isitolewe mwaka hata mwaka, vijidudu vya ukungu huota ndani kati ya vioo. Hutandaa kama utando wa buibui. Tena hutoa asidi inayoula ule utando mwembamba uliopakwa kiwandani, na mwishowe kioo chenyewe. Ukigunduliwa mapema, fundi hufungua lenzi na kuisafisha. Ukiachwa mno, makovu hubaki hata baada ya kusafishwa.

Mtu mwenye lenzi ya namna hiyo akienda mlimani siku angavu kabisa, atapata picha zenye ukungu, naye atasema, "Leo mlima umefunikwa." Kumbe mlima u wazi, ukungu umo mkononi mwake.

Basi yatupasa kujiuliza kwa unyofu: ukungu nilio nao ni wa aina gani? Ule wa mlimani hatukuuleta sisi, wala si dhambi. Dawa yake ni kungoja. Ukungu wa ndani hauishi kwa kungoja; kadiri unavyongoja ndivyo unavyokula kioo. Kinyongo juu ya ndugu kwa sababu ya shamba la urithi. Fedha ya kikundi iliyotumiwa kwa siri. Chuki ya wakwe ya miaka kumi. Uzinzi ambao mtu ameuzoea mpaka hauoni tena. Mwenye mambo hayo asilalamike kwamba Mungu amejificha. Afungue lenzi. Aende kwa padre akaungame, arudishe alichochukua, aende kwa nduguye kabla ya kuja madhabahuni.

Lakini tunawasihi sana, ndugu: msiuchukue mfano huu mkampelekea mfiwa. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo. Waliona mtu aliyezungukwa na ukungu wa mlimani, wakamwambia asafishe lenzi yake; na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu. Kila mtu akague lenzi yake mwenyewe, aiache ya jirani.

Na liko neno la faraja kwa wazee. Baadhi ya lenzi za Takumar za miaka ya 1960 zilitiwa katika kioo chake madini yaitwayo thoriamu. Kioo hicho kikikaa miaka mingi, hugeuka rangi kikawa cha manjano kama chai nyepesi, na wasiojua huzitupa wakidhani zimeharibika. Lakini lenzi hiyo ikiwekwa mahali ambapo jua huipiga, kwa siku kadhaa au majuma, umanjano hupungua na kioo hurudia uangavu wake. Hakuna sabuni wala dawa. Ni kukaa juani tu. Tumewaona wazee waliostaafu wakijifungia ndani, wakisema wamekwisha, hawana kazi tena katika Kanisa. Ndugu zetu, tokeni nje, mkae mbele ya Bwana katika sala na Neno, mkae pamoja na watu. Nanyi vijana mliotafuta lenzi za zamani kwa bidii na kwa fedha zenu, msiwapite wazee wenu kama mizigo ya stoo.

WANAOFUTA UKUNGU KWA HILA

Siku hizi picha yenye ukungu yaweza kutiwa katika kompyuta au simu, na kwa kubonyeza mara moja ukungu ukafutwa. Ikifanywa kidogo tu, si neno. Ikizidi, anga huwa nyeusi, miti hutokwa na kingo ngumu kama iliyokatwa kwa mkasi, na picha hujaa chembechembe. Mashine haiwezi kuona nyuma ya pazia. Inakisia, kisha inapaka rangi.

Nao wako wahubiri wa namna hiyo. Wanamwambia mtu: toa kiasi hiki, nunua mafuta haya, kunywa maji haya, na wiki hii utauona mkono wa Bwana waziwazi. Mama wetu yule aliendewa na watu hao katika matanga, wakamwambia kwamba vifo vile viwili vilikuwa na mchawi nyuma yake, nao watamtaja akilipa. Alikataa. Alituambia, "Mwalimu, afadhali nisione kuliko kuoneshwa uongo." Twaona kwamba katika neno hilo mna imani kubwa kuliko alivyojua mwenyewe. Aliye na kiu ya kweli hata akakataa faraja ya uongo, hakika hajamwacha Mungu aliye Kweli.

TUSHUKE SASA BONDENI

Petro alitaka kubaki mlimani. Bwana hakukubali. Kesho yake walishuka, na mtu wa kwanza waliyekutana naye alikuwa baba aliyelia kwa ajili ya mwanawe wa pekee. Hapo ndipo Kugeuka Sura kulipokwenda: kutoka katika wingu mpaka kwa mtoto mgonjwa.

Tumtaje mmoja aliyefanya hivyo katika milima ile ile ya Rwenzori. Apolo Kivebulaya, Mganda wa Kanisa letu la Anglikana, alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata akavuka kutoka Toro, akapita milima na bonde la mto Semliki, akafika Boga, upande wa Kongo. Huko alipigwa, akasingiziwa makosa, akafungwa. Akarudi tena kwa watu wale wale. Alifanywa kasisi mwaka 1903, akafa huko Boga tarehe 30 Mei 1933, na Kanisa Anglikana la Kongo lina mizizi yake katika kazi ile. Wakati wa kuvuka kwake hakuweza kuyaona hayo yote. Aliijua njia, akamjua aliyemtuma, akatembea.

Basi mwezi huu tufanye mambo matatu. La kwanza, kila mwenye ukungu wa mlimani asiache kuja. Aje akae karibu na mlango, asiimbe kama hawezi; aizungushe pete tu, mengine atayafanya Bwana. La pili, kila mwenye ukungu wa ndani asimalize mwezi kabla hajafungua lenzi yake. La tatu, kila jumuiya imtafute mtu mmoja aliyeacha kuonekana, imtembelee bila kumhubiri, wala isimwulize amekuwa wapi.

Mama yetu ameanza kuja. Huja amechelewa kidogo, hukaa benchi la mwisho, na wakati wa kukiri Imani husimama pamoja nasi kinywa chake kimefumba. Hatujamwuliza kama ameona kitu. Tunaikiri kwa sauti zaidi kidogo, ili imfikie.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyewaacha rafiki zako waingie katika wingu, wala hukuwaacha peke yao humo. Uwashike mkono wote wasiokuona leo. Utusafishe ndani, utupe saburi ya kungoja nje, utuonyeshe ndugu zetu walio bondeni. Na siku ile utakapoliondoa pazia, utukute tumeelekea kwako. Wewe uishiye na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.